Kugawa swichi moja kwa VLAN za poti: wageni huku, ofisi kule

Tuchukue gesti ya kawaida, intaneti moja, swichi moja, na kila kitu kimechomekwa humo humo: kompyuta ya mapokezi, printa, NVR ya kamera (kile kinachorekodi picha zake) na vile vifaa viwili vitatu vya kurusha WiFi ya wageni kwenye korido. Mgeni anaingia chumbani, anaunga WiFi, anafungua picha kwenye simu abonyeze kuprinti, anaikuta printa ya ofisi hiyo hapo kwenye listi. Akiwa mdadisi kidogo anashusha app ya bure ya kuskani netiweki, sasa anaona na NVR, anaona na kompyuta ya mapokezi, na kama mtu aliwahi kushea folda la mahesabu bila paswedi basi nalo analiona. Hapo hamna aliyehaki kitu, swichi inafanya tu kazi yake ya kumkutanisha kila mtu na kila mtu.

Dawa ni kuigawa hiyo swichi, na njia rahisi kuliko zote ni VLAN za poti. Yaani unaiambia swichi poti hizi ni kundi moja, poti zile ni kundi lingine, na wa huku asisikie chochote cha wa kule. Swichi haijali kifaa ni cha nani wala kina IP gani, inaangalia kimeingilia poti namba ngapi basi.

Mi hapa natumia TP-Link TL-SG108E, poti nane za giga, sababu Kariakoo huikosi na bei yake haitishi. Ila angalia sana hiyo herufi E ya mwisho. TL-SG108 isiyo na E inafanana nayo kabisa, boksi la chuma lile lile la bluu, lakini haina menyu ya VLAN, ni ya kuchomeka na kuondoka. Watu wanauziwa hiyo halafu wanahangaika kutafuta ukurasa wa VLAN ambao haupo.

Kabla hujagusa kompyuta, chukua karatasi

Wengi wanarukia kwenye menyu, wanagawa poti chapchap, halafu upande mmoja unakosa intaneti wanasema VLAN imegoma. Haijagoma, imefanya kile kile ulichoiambia: ruta yako iko kundi moja tu, kwa hiyo kundi la pili halina mlango wa kutokea. Kugawa swichi ni dakika tano, kazi yenyewe ni kujibu swali hili: kila kundi litafikaje kwenye intaneti? Lijibu kwenye karatasi kwanza.

Kwa gesti yetu karatasi inasomeka hivi:

Poti 1: kebo ya kwenda kwenye ruta, upande wa ofisi
Poti 2: kompyuta ya mapokezi
Poti 3: printa
Poti 4: NVR
Poti 5: kebo ya kwenda kwenye ruta, upande wa wageni
Poti 6, 7, 8: vifaa vya WiFi ya wageni

Umeona, kebo mbili zinaenda kwenye ruta ile ile, moja kwa kila kundi. Kwa hili unahitaji ruta ambayo poti zake za LAN zinaweza kutenganishwa, na MikroTik hAP lite, ile ndogo ya poti nne ambayo mafundi wengi wa hotspot wanayo, inatosha kabisa. Poti zake ni za 100Mbps tu lakini sidhani kama gesti ina laini ya kuzidi hapo, na picha za kamera zinazotoka NVR kwenda kompyuta ya mapokezi zinapita ndani ya swichi, hazigusi ruta. Kama ruta yako ni ile uliyopewa na kampuni ya intaneti na haina ujanja wowote, usijali, njia yake nimeiweka mbele.

Kuingia kwenye swichi

Chomoa kila kitu. Laptopu peke yake kwenye poti 2, swichi kwenye umeme, basi. Nasisitiza peke yake kwa sababu swichi hii ikikosa wa kuipa IP inatumia 192.168.0.1, na ruta kibao za TP-Link nazo zinatumia hiyo hiyo 192.168.0.1, kwa hiyo ukiwa umechomeka vyote utajikuta umefungua ukurasa wa ruta unatafuta VLAN humo mpaka uchoke.

Kwenye laptopu weka IP kwa mkono: 192.168.0.10, maski 255.255.255.0, geitiwei acha wazi. Fungua brauza, andika 192.168.0.1, jina admin paswedi admin, na kama ni toleo jipya itakulazimisha ubadilishe hapo hapo. Kama ni la zamani badilisha mwenyewe na usiseme nitafanya baadaye, sababu swichi nyingi za bei hii hazikupi nafasi ya kuchagua ni kundi gani liruhusiwe kufungua ukurasa wake, mgeni akiijua IP yake anaweza kuufungua. Paswedi ndo kufuli pekee ulilonalo hapo.

Ukishaingia nenda System, halafu IP Setting, zima DHCP (kupewa IP yenyewe na ruta) na uipe swichi IP ya kudumu ya upande wa ofisi, kwa mfano 192.168.88.2 kama ruta yako ni MikroTik ambayo haijabadilishwa, maana zenyewe zinakuja na 192.168.88.1. Ukibonyeza Apply ukurasa utakatika, ni kawaida, badilisha IP ya laptopu iwe 192.168.88.10 uingie tena.

Kugawa poti zenyewe

Kwenye menyu ya VLAN utakuta aina tatu: MTU VLAN, Port Based VLAN na 802.1Q VLAN. Inafanya kazi moja kwa wakati, ukiwasha hii nyingine inazimika, kwa hiyo ukija kubadilisha aina baadaye ujue unaanza upya kupanga.

Ingia Port Based VLAN, weka Enable, bonyeza Apply. Poti zote nane zitakuwa VLAN 1. Sasa kwenye sehemu ya namba andika 2, chagua poti 5, 6, 7 na 8, Apply. Hizo nne zinahama zenyewe kutoka VLAN 1 kwa sababu kwenye aina hii poti inakaa kundi moja tu, haiwezi kuwa na miguu miwili. VLAN 1 imebaki na poti 1 mpaka 4, ndo ofisi yetu. Laptopu yako iko poti 2 kwa hiyo hujajifungia nje.

Halafu Save Config. Usiruke hapa. Kwenye swichi hizi Apply inafanya kazi sasa hivi, Save Config ndo inaandika kwenye kumbukumbu, na kwa umeme wetu huu unaokatika bila kuaga, gesti inaweza kulala imegawanyika ikaamka kila mtu anaona kila mtu, na hakuna atakayejua maana intaneti itakuwa inafanya kazi kama kawaida.

Upande wa ruta

Sasa MikroTik. Ikitoka dukani ether1 (poti yake ya kwanza) ni ya intaneti, ether2 mpaka ether4 zote ziko kwenye bridge moja, yaani zimeunganishwa kama swichi, na hapo kuna mtego: ukichomeka kebo zote mbili sasa hivi, ether2 kwenda poti 1 na ether3 kwenda poti 5, makundi yako mawili uliyoyatenga kwenye swichi yanaungana tena ndani ya bridge ya ruta. Umegawa bure. Na ungekuwa umechomeka kabla hujagawa swichi ungekuwa umetengeneza duara, pakiti zinaweza kuzunguka bila mwisho netiweki ikakwama. Ndo maana konfigi kwanza, kebo baadaye.

Tunaitoa ether3 kwenye bridge na kuipa netiweki yake. Chomeka laptopu ether2, fungua New Terminal kwenye Winbox (programu ya kusimamia MikroTik) uandike:

/interface bridge port remove [find interface=ether3]
/ip address add address=192.168.30.1/24 interface=ether3
/ip pool add name=wageni ranges=192.168.30.10-192.168.30.200
/ip dhcp-server add name=wageni interface=ether3 address-pool=wageni disabled=no
/ip dhcp-server network add address=192.168.30.0/24 gateway=192.168.30.1 dns-server=8.8.8.8
/ip firewall filter add chain=forward in-interface=ether3 out-interface-list=!WAN action=drop

Mstari wa mwisho ndo wenye uzito na ndo unaosahaulika. Ruta kazi yake ni kupeleka pakiti kutoka netiweki hii kwenda ile, kwa hiyo hata kama swichi imetenga, mgeni wa 192.168.30.x akiomba kwenda 192.168.88.x ruta itampeleka vizuri tu, faiwoli inayokuja na MikroTik haimzuii. Mstari huo unasema anayetoka ether3 aende intaneti au asiende popote. Ofisi bado inaweza kuanzisha mawasiliano kwenda upande wa wageni, mfano kuingia kwenye ukurasa wa kifaa cha WiFi, na majibu yatarudi, ila mgeni kuanzisha kuja ofisini hapana.

Kuhusu DNS, yaani anayegeuza jina la tovuti kuwa IP, nimeweka 8.8.8.8 makusudi. Faiwoli ya MikroTik inakataa kuongea na chochote kisichokuwa kwenye listi ya LAN, na ether3 ukishaitoa kwenye bridge haimo, kwa hiyo wageni wakiambiwa waiulize ruta DNS watakosa majibu, simu itaonyesha imeunga WiFi lakini hakuna kinachofunguka. Kuna watakaokwambia ongeza ether3 kwenye LAN. Itafanya kazi, ila hapo umewafungulia wageni mpaka ukurasa wa kulogin wa ruta. Waache waulize nje.

Sasa chomeka: ether2 kwenda poti 1, ether3 kwenda poti 5, na vingine vyote kama karatasi ilivyosema.

Kujaribu, na ping isikudanganye

Rudisha laptopu kwenye kupokea IP yenyewe, ichomeke poti 6 kwa muda. Inatakiwa ipate 192.168.30 na kitu. Ikiwa bado inaonyesha 88 basi imeng'ang'ania IP ya zamani, andika ipconfig /release halafu ipconfig /renew, au chomoa subiri kidogo chomeka. Ikiendelea kupata 88 baada ya hapo, angalia ether3 kama kweli umeitoa kwenye bridge.

Halafu ping, yaani kukiuliza kifaa kama kipo. Hapa watu wanajidanganya: wanapiga ping kompyuta ya mapokezi, haijibu, wanasema safi kumetengana. Kompyuta ya Windows kwa kawaida haijibu ping ikiwa netiweki imewekwa Public, hata kama mko swichi moja bila VLAN yoyote, kwa hiyo ukimya wake hauthibitishi kitu. Pima kwa printa na NVR, hivyo kwa kawaida vinajibu. Piga ping printa ukiwa poti 2, ione inajibu, hamia poti 6 upige hiyo hiyo. Ikijibu kule na kunyamaza huku, hapo sawa. Malizia na simu yako kwenye WiFi ya wageni, fungua picha, bonyeza kuprinti uone kama printa bado inatokea.

Kama ruta yako haiwezi kugawanyika

Ile ruta ya kampuni ya intaneti yenye LAN moja tu inahitaji njia nyingine. Unataka kundi la ofisi na kundi la wageni wote wafike kwenye kebo moja ya ruta lakini wao kwa wao wasionane. Port Based ya TL-SG108E haiwezi, tumeona poti inakaa kundi moja. Hapa unaenda 802.1Q VLAN, na jina lisikutishe, hatutumii tagi (alama ya VLAN kwenye pakiti) popote, tunatumia tu ule uhuru wake wa poti kuwa kwenye makundi mengi. Ruta iko poti 1, ofisi poti 2 mpaka 4, wageni poti 5 mpaka 8.

VLAN 1: poti 1 mpaka 8, zote Untagged
VLAN 2: poti 1, 2, 3, 4, zote Untagged
VLAN 3: poti 1, 5, 6, 7, 8, zote Untagged

Halafu ukurasa wa 802.1Q PVID Setting: poti 1 ipe PVID 1, poti 2 mpaka 4 zipe 2, poti 5 mpaka 8 zipe 3.

PVID ndo inaamua kinachoingia kwenye poti kinahesabiwa cha VLAN ipi. Kompyuta ya mapokezi ikituma kitu kupitia poti 2 kinahesabiwa cha VLAN 2, na VLAN 2 ina ruta na ofisi tu, kwa hiyo hakiwezi kutokea poti 6. Cha mgeni kinahesabiwa cha VLAN 3, ambayo ina ruta na wageni tu. Cha ruta kinahesabiwa VLAN 1 ambayo ina wote, kwa hiyo majibu yanafika kila upande. Ukisahau PVID zikabaki zote 1, basi kila kitu kinaingia VLAN 1 na hujatenga chochote hata kama listi ya juu inapendeza namna gani.

Njia hii inafanya kazi lakini siipendi kama ile ya kebo mbili. Wote wako netiweki moja ya IP, mgeni anafika kwenye ukurasa wa ruta, na kubwa kuliko yote ni WiFi ya ruta yenyewe: aliyeunga WiFi hiyo yuko upande wa poti 1, anaona ofisi na anaona wageni. Izime, au ibaki na paswedi ambayo wageni hawaijui.

MTU VLAN iliyobaki inatenga kila poti na mwenzake, wote wanaona poti moja ya kutokea. Hosteli yenye kebo kila chumba inaifaa sana. Ofisi haifai, mapokezi hataiona printa.

Kwa wenye Cisco za mtumba

Kuna wanaonunua Catalyst 2960 zilizotumika, ni swichi ngumu kweli na wazo ni lile lile, ila ni kwa amri kupitia kebo ya konsoli, spidi 9600. Kabla ya chochote futa ya mwenye nayo wa zamani, na kufuta ni vitu viwili, write erase peke yake haitoshi (andika enable kwanza):

write erase
delete flash:vlan.dat
reload

Orodha ya VLAN inakaa kwenye hilo faili la vlan.dat, sio kwenye konfigi. Na usichomeke swichi ya mtumba kwenye netiweki ya watu yenye Cisco nyingine kabla hujafuta hivyo, VTP ya humo (mfumo wa swichi za Cisco kugawiana orodha ya VLAN) ikiwa na jina la domeni linalolingana na namba ya marekebisho kubwa zaidi inaweza kuzifutia zile nyingine VLAN zao zote. Kisha:

enable
configure terminal
vlan 30
name WAGENI
exit
interface range fastEthernet 0/13 - 24
switchport mode access
switchport access vlan 30
spanning-tree portfast
end
show vlan brief
copy running-config startup-config

Kebo ya pili ya ruta inaingia kwenye mojawapo ya hizo 13 mpaka 24, kama tulivyofanya poti 5. Ukisahau ule mstari wa mwisho, umeme ukirudi utaona kituko: show vlan brief inaonyesha WAGENI ipo, lakini poti zake zote zimerudi VLAN 1. VLAN ilijiandika kwenye vlan.dat, upangaji wa poti ulikuwa kwenye konfigi ambayo hukuisevu.

Mipaka yake

Swichi inahesabu poti, kwa hiyo ukiweka swichi nyingine ndogo ya kawaida kwenye poti 6, vyote vitakavyochomekwa humo ni wageni. Wageni wa kifaa kimoja cha WiFi nao wanaendelea kuonana wao kwa wao, hiyo unaifunga kwenye kifaa chenyewe, tafuta neno isolation kwenye settingi zake. Na siku utakapotaka kifaa kimoja kirushe majina mawili, WiFi ya ofisi na WiFi ya wageni kwa kebo moja, VLAN za poti zimefika mwisho, hapo unahitaji tagi kweli kweli na kifaa kinachozijua.

Lingine ni watu. Fundi wa kamera anakuja, anahitaji poti, anachomoa kebo hii anachomeka ile, na kwa sababu kundi linafuata poti na sio kifaa, NVR inaweza kujikuta kwa wageni. Bandika karatasi juu ya swichi: 1 mpaka 4 OFISI, 5 mpaka 8 WAGENI, kwa herufi kubwa, na funga kebo za wageni tepu ya rangi moja. Kisha kwenye menyu ya System tafuta sehemu ya backup, shusha lile faili la konfigi ujitumie kwenye barua pepe, siku mtu akibonyeza reset unalirudisha bila kuanza kupanga upya.